Mita Tatu Kutoka Mpakani

Kwa miaka ishirini na mitatu kazi yake ilikuwa kuingia kwenye nyua za watu na kupima. Halmashauri ilimwajiri akiwa na magoti mazima na nywele nyeusi. Wakampa tepu ya mita thelathini, kopo la rangi nyekundu, brashi na buku la ripoti, wakamwambia kwamba kiwanja kimoja ni cha nyumba moja, na kila jengo lazima likae mita tatu kutoka mpakani. Mengine angejifunza njiani. Akajifunza. Tepu ya kwanza ilikatika, ya pili ikaibwa, na ya tatu akaitumia mpaka namba zake za mwanzo zikafutika, akawa anaanza kupima kwenye mita ya kwanza na kuitoa kichwani. Mitaani walikuwa wameshambatiza. Walimwita Tepu. Watoto walimwita hivyo, wazee nao, na mwisho hata mkewe, siku akitaka kumtania au akiwa amemchoka.

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililowasumbua watu. Mkaguzi mkali unaweza kumlaani ukalala usingizi wako. Tepu alibisha hodi, akasubiri, akavua kofia, akauliza hali za wagonjwa, kisha akamwomba mwenye nyumba amshikie upande wa pili wa tepu. Ndiyo, mwenye nyumba mwenyewe. Idara haikuwa na mtu wa pili wa kumpa. Basi watu walishika ncha kwa mikono yao, wakaikaza, wakasoma pamoja naye hukumu yao wenyewe.

Alichotumwa kutafuta ni vyumba vya uani. Mtu ana nyumba yake, mara kijana wake ameoa, mara mama mkwe amevunjika nyonga, mara mdogo wake kafukuzwa kazi. Anatazama nyuma, anaona nafasi, anajenga. Sheria haikukataza stoo. Haikukataza hata banda la kuku. Ilikataza makazi, na makazi yalijulikana kwa sinki. Chumba chenye kitanda, kabati na redio kiliweza kuitwa stoo. Ukitia sinki, tayari ni nyumba ya pili kwenye kiwanja. Kwa hiyo watu walificha masinki kama watu wengine wanavyoficha pombe. Mmoja alilifunika kwa ubao, akatandika kitambaa na kuweka maua juu. Mwingine alilijengea kabati zima la nguo mbele yake. Tepu akasimama kwenye chumba hicho, kalamu mkononi, akitaka kuandika kwamba hakuona kitu, mara tone la maji likaanguka nyuma ya makoti. Wote wawili walilisikia. Mwenye nyumba akatazama dari.

Ripoti ikishaandikwa, ilifuata X nyekundu ukutani, na siku thelathini.

Kati ya X zote alizopaka, moja ilimganda. Ilikuwa ya mshona mapazia aliyeishi na baba yake mzazi. Mzee alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani tangu ujana wake, mpaka miguu ilipomkataa akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Korido ya nyumba yao ilikuwa nyembamba na kiti hakikuweza kukata kona ya kwenda msalani. Binti akamjengea baba yake chumba uani: mlango mpana, ngazi hakuna, sakafu imesawazishwa mpaka nje, choo pembeni, na sinki lililowekwa chini, kimo cha mtu aliyekaa. Tepu alikuwa ameona vyumba vya uani zaidi ya mia, na alikiri moyoni kwamba hajaona kimoja kilichojengwa kwa akili vile. Kisha akapima. Kutoka ukuta wa chumba mpaka mpakani ilikuwa mita moja na sentimita sitini.

“Upande wa pili hakuna nyumba,” mshonaji alisema, bado ameshika ncha ya tepu. “Ni mfereji tu wa maji ya mvua.”

“Naona, mama.”

“Nikiling'oa sinki?”

“Sinki likitoka, umbali utabaki pale pale.”

Mzee alikuwa kwenye kivuli cha chumba hicho hicho, mikono imelala juu ya mapaja, vidole virefu vyenye makovu madogo madogo ya sindano.

“Umepima vizuri?” aliuliza.

“Nimepima mara mbili, mzee.”

“Basi kama umepima vizuri, hakuna maneno.”

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa ametumia umri wake wote kusogeza vyuma kwa upana wa unywele ili sindano ipishane na bobini bila kukata uzi. Kipimo alikiheshimu. Tepu angefurahi zaidi kama angetukanwa.

Siku thelathini zilipotimia alirudi. Chumba hakikuwapo tena. Matofali yalipangwa vizuri kando ya ukuta, mabati yamelazwa juu ya mbao, misumari imenyooshwa na kutiwa kwenye kopo la maziwa. Msingi tu ndio ulibaki, kwa sababu kuchimbua msingi ni kazi ya wanaume wanne na sheria haikuwa na ugomvi na sakafu. Aliandika “Agizo limetekelezwa”, akatia sahihi na tarehe, akaaga. Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita.

Nyumbani kwake nako kulikuwa na lake. Dada yake mkubwa, aliyekuwa mpishi wa shule ya bweni, alifiwa na mumewe. Na nyumba waliyoishi ilikuwa ya kazi ya mume, kwa hiyo mume alipokwisha, nyumba nayo ikaisha. Alifika na sanduku moja na godoro la sponji, akasema ni wiki mbili tu apate pa kujishikiza. Zikawa miaka sita. Nyumba ya Tepu ilikuwa na vyumba viwili, kimoja chake na mkewe, kingine cha mabinti zake wawili waliokwisha kuwa watu wazima. Dada akalala sebuleni. Kila alfajiri aliamka kabla ya watu wote, akalikunja godoro, akalisukuma nyuma ya kochi, akafungua madirisha ili sebule isinuke usingizi. Kama kuna aliyewahi kumkuta amelala, ni siku aliyokuwa na homa.

Mgeni akija na kumtania kwamba mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe, alijibu, “Mimi jembe nilishapewa, nimelima, sasa mpini umechakaa.” Watu walicheka. Mke wa Tepu alicheka pia, ila alikuwa akimpenda wifi yake na kuchoka naye kwa wakati mmoja, na hali hiyo haina dawa.

“Nyuma pale pana nafasi,” alimwambia mumewe si mara moja. “Chumba kimoja tu. Tofali mia sita, bati kumi na mbili, basi. Mtaa mzima umejenga. Ni sisi tu tulio na sheria ndani ya nyumba kama mgonjwa.”

“Nikijenga mimi, kesho nitamvunjia nani?”

“Sijakwambia uvunje mtu. Nimekwambia ujenge.”

Mganga hajigangi. Jibu hilo alikuwa nalo, lakini hakulisema, kwa sababu dada yake alikuwa upande wa pili wa pazia la jikoni akichambua mboga, na katika nyumba ile hakuna neno lililosemwa ambalo hakulisikia.

Kisha siku moja idara nzima iliitwa chumba cha mkutano, ghorofa ya pili, chumba chenye feni inayozunguka kama inayoomba ruhusa. Mkuu wa idara, ambaye Tepu alimzidi kwa miaka kumi na tano, alisimama na karatasi. Alikuwa mtu makini asiye na mzaha, na pengine ndiyo maana hakusikia mwenyewe alichosoma.

“Madiwani wamepitisha sheria ndogo mpya. Kuanzia mwezi ujao, katika halmashauri yetu, nyumba ndogo ni halali.”

Chumba kikalipuka. Karani wa masijala, mama wa makamo asiyecheka ovyo, alilalia meza. Mtu wa ramani akauliza kama wake zao wamearifiwa kwa maandishi. Mwingine akataka kujua kama kila mtu ana haki ya moja tu au inategemea ukubwa wa kiwanja. Mkuu akasubiri, uso umemwiva, kisha akachukua kalamu, akafuta, akasoma upya: nyumba za uani. Kila kiwanja kiliruhusiwa kuwa na nyumba moja ya uani, isiyozidi mita za mraba hamsini, ya chini isiyo ghorofa, yenye jiko lake na sinki lake, mita moja na nusu kutoka mpakani. Kiwanja chenyewe kisipungue mita za mraba mia tatu.

Tepu hakucheka na wenzake, wala hakununa. Alikuwa anafanya hesabu. Kiwanja chake kilikuwa mia mbili themanini na sita. Alikijua kama anavyojua jina la mama yake.

“Kuna faili za zamani,” mkuu aliendelea. “Wale tuliowazuia. Madiwani wanataka kila mmoja aarifiwe kwa barua, kwa mkono, kwamba sasa anaweza kuomba kibali.”

“Na waliokwisha kuvunja?” Tepu aliuliza.

“Wajenge tena.”

“Tutawaambia nini?”

Mkuu alimtazama, na Tepu akaona kwamba swali hilo limemchosha na yeye. “Waambie sheria imebadilika, kaka. Sasa tufanyeje? Sheria ni msumeno.”

Karani wa masijala alizileta faili kwenye kitoroli chenye gurudumu bovu. Zilikuwa arobaini na moja, zimefungwa kwa kamba, na zote isipokuwa nne zilikuwa na mwandiko wa Tepu. Alianza kuzipitia na kuona kwamba zamani mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa herufi zilizosimama wima.

Jioni hiyo alimweleza mkewe mezani, kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa kunong'ona hakukuwa na faida. Mkewe alifurahi kwa muda wa sentensi tatu, mpaka alipofika kwenye ukubwa wa kiwanja.

“Pamepungua mita kumi na nne tu?”

“Kumi na nne.”

“Za mraba. Hizo si ni kama hili zulia?”

“Zaidi kidogo ya zulia.”

“Na anayepima ni mwenzako wa meza ya pili.”

“Ndiyo maana siwezi kumwomba.”

Mkewe alikusanya sahani. Dada mtu, ambaye alikuwa ameketi nao muda wote, alisema chumvi ilikuwa imezidi kidogo leo, akaenda kulitandika godoro lake.

Akaanza kupeleka barua. Hakuwa amewahi kuchoka kama majuma yale, naye alikuwa mtu wa kuchoka. Kupaka X kulikuwa na mwanzo na mwisho. Hii haikuwa na mwisho. Dereva mmoja mstaafu alisoma barua akiwa amesimama, akaketi, akasema, “Kwa hiyo nilikuwa sahihi.”

“Wakati ule hukuwa sahihi, mzee.”

“Lakini sasa ni sahihi.”

“Sasa unaweza kuomba.”

Mzee alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, mkewe akaleta maji, na Tepu akasimama pale ameshika kofia kama mtu aliyekuja kutoa rambirambi akakuta maiti anazungumza. Nyumba nyingine hakuikuta kabisa. Palikuwa na jengo la maduka na mlinzi asiyejua kitu. Mama mmoja hakufungua mlango. Alisema barua ipitishwe chini, na Tepu akaipitisha, ikavutwa kwa haraka upande wa pili.

Faili ya mshona mapazia aliiweka chini ya nyingine. Kila Jumatatu alikuta imekuwa juu, kwa sababu za juu yake zilikuwa zimekwisha, na kila Jumatatu alitafuta kitu cha kuweka juu yake. Juma la sita hapakuwa na kitu cha kuweka.

Alimkuta kwenye cherehani yake karibu na dirisha, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, mapaja yamejaa kitambaa kizito cha kijani.

“Tepu,” alisema alipomtazama. “Karibu. Sogeza hicho kitambaa ukae.”

Tepu akasogeza, akakaa. Sebule ilikuwa ndogo, marobota ya vitambaa yamesimamishwa kila pembe. Kwenye dari, kutoka ukuta mpaka ukuta, ilipita reli ya pazia isiyo na pazia. Mshonaji aliona macho yake yalikokwenda.

“Hapo ndipo alipolala baba. Pa kumpeleka pengine sikuwa napo, korido unaijua. Nikamtundikia pazia zito, la safu mbili. Wateja wakija kuchagua kitambaa, yeye yuko nyuma yake amekaa kwenye ndoo. Akawa anakohoa, ili wasisikie. Watu wakadhani ana kifua. Walikuwa wakiniletea dawa za kifua.” Alikata uzi kwa meno. “Miaka miwili na miezi minne, mpaka tulipomzika.”

“Pole sana, mama.”

“Nimeshapoa.”

Akampa barua. Aliisoma, akavaa miwani, akaisoma tena, akaiweka juu ya meza ya cherehani na kuilainisha kwa kiganja kama kitambaa chenye mkunjo.

“Kilichosogea ni kiwanja au ukuta?”

“Ni sheria, mama.”

“Kwa nini?”

“Mji umejaa. Wanasema watu hawana pa kulala.”

“Na wakati ule watu walikuwa na pa kulala?”

Nje kulikuwa na mtu anapigilia misumari. Mshonaji aliinuka, akakung'uta nyuzi kwenye gauni lake.

“Msingi bado upo. Njoo unipimie leo nisikie unasemaje.”

Wakaenda uani. Juu ya ile sakafu alikuwa ameweka fremu za kuanikia mapazia yaliyooshwa. Matofali ya zamani bado yalikuwa kando ya ukuta, yameota ukungu wa kijani. Bila kuombwa, mshonaji alichukua ncha ya tepu, akaibana mpakani kwa kidole gumba. Tepu alipiga magoti, la kulia likalia kama mlango, akasoma, akatoa moja kichwani, akasoma tena.

“Moja na sitini.”

“Na wanataka ngapi?”

“Moja na nusu.”

“Kwa hiyo kinaruhusiwa.”

“Kinaruhusiwa. Kimezidi kwa sentimita kumi.”

Aliiachia ncha. Tepu ikarudi mbio yenyewe ikamchapa mkaguzi kwenye vifundo vya vidole.

“Samahani,” alisema.

“Si kitu.”

“Baba alinikataza nisikuchukie, kwa kuwa ulipima vizuri. Nilijitahidi. Siku nyingine niliweza.”

Tepu alikuwa bado amepiga magoti, kwa sababu kuinuka kulihitaji maandalizi. Alisema, “Ningeweza kuandika mita tatu, siku ile.”

“Ungeweza?”

Alifikiri kwa dhati. Alimkumbuka mkaguzi alivyokuwa miaka tisa nyuma, na yule wa leo, akatafuta kati yao mmoja ambaye angeandika.

“Hapana,” alisema.

“Basi usiseme ungeweza.”

Alimpa mkono akainuka. Wakasimama wakitazama sakafu ile isiyo na kuta. Mshonaji alisema angependa kuhamishia cherehani hapo, sebule ipumue. Tepu akamweleza, kwa masikitiko, kwamba sheria mpya ni ya makazi. Biashara ina kibali kingine, na kwenye mtaa huu hakitolewi.

“Yaani ni chumba cha kulala, si cha kushona.”

“Ndiyo, mama. Nikikuta cherehani itabidi niandike.”

“Ukija utanikuta nimeiegemea nimelala,” alisema, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea kidogo.

Siku hizo Tepu alikula bila kuongea. Dada yake alimvumilia juma zima, kisha akamuuliza amekabwa na nini, naye Tepu akamweleza yote, pamoja na ile ndoo na kikohozi. Dada alisikiliza akiwa anakunja nguo. Siku chache baadaye aliteremsha pazia la sebule lililofumuka pindo, akasema anakwenda kulishonesha. Pindo lenyewe angeweza kulishona mwenyewe kwa mkono mmoja huku anakoroga sufuria kwa mwingine, lakini hakuna aliyeuliza. Alirudi jioni. Juma lililofuata akaenda tena bila pazia. Ikawa desturi yake, Jumanne na Ijumaa. Alisema anasaidia kupiga pindo za mkono, na kwamba kule kuna dirisha zuri.

Maombi ya mshonaji yalipoingia ofisini, Tepu aliyapeleka meza ya pili, akamwambia mwenzake, “Hii pima wewe. Namfahamu mwenye kiwanja.” Mwenzake akapima, kibali kikatoka, kuta zikaanza kupanda juu ya msingi ule ule, kwa matofali yale yale yaliyosuguliwa ukungu.

Mwezi wa tatu tangu ujenzi uanze, mezani, dada alisema, “Mimi nahama.”

Mke wa Tepu aliweka kijiko chini. “Unahamia wapi, wifi?”

“Kwa mshona mapazia. Uani kwake.”

Mabinti walitazamana. Tepu alihisi damu inampanda usoni, kama mtoto aliyeshikwa na kosa asilolijua.

“Dada, ulikwenda kumwomba?”

“Sikumwomba. Aliniuliza nalala wapi, nikamwambia sebuleni. Akasema sebule anaijua. Hapo hatukuendelea. Juzi ndiyo akasema amejenga chumba, amekatazwa kuweka cherehani, anatafuta mtu wa kulala.”

“Anajua mimi ni nani kwako?”

“Alijua siku ya kwanza, nilipovuka kizingiti. Pua hizi hazifichiki, mdogo wangu.”

“Na hakusema kitu?”

“Alisema mengi. Siku ile alikusema mpaka chai ikapoa. Nami nikakusema kidogo, nisimwache peke yake.” Akavuta sahani ya mboga. “Kisha tukashona.”

Mkewe akasema wifi asidhani amefukuzwa. Dada akasema hadhani. Mkewe akasema nyumba hii ni yake. Dada akasema anajua, ndiyo maana anaondoka ikiwa bado ni yake. Halafu mke wa Tepu akalia, na waliobaki wakaendelea kula polepole, hawajui watazame wapi.

Alihama Jumamosi asubuhi. Tepu alibeba godoro mabegani na sanduku mkononi, na dada yake akatangulia na sufuria zake mbili ambazo kwa miaka sita hazikutoka kwenye boksi. Mshonaji alikuwa na mteja sebuleni. Alichungulia dirishani, akasema godoro lisiegemezwe ukuta wa nyuma, lipu haijakauka, akarudi kwa mteja wake. Hakumkaribisha Tepu kwa namna ya pekee wala hakumnyima karibu. Alimchukulia kama mtu yeyote aliyeleta mzigo. Kwake hilo lilikuwa jingi.

Chumba kilinuka saruji mbichi. Tepu alilaza godoro juu ya kitanda, akaweka sanduku chini ya dirisha, akasimama katikati asijue mikono aipeleke wapi. Kuta alizitazama, ila hakuzipima kwa macho. Au alizipima, hakusema.

“Haya,” dada yake alisema. “Nenda ukapumzike. Unaonekana kama wewe ndiye uliyehama.”

Alipofika nyumbani aliwakuta mabinti wameshaanza kugombania sebule, nani alale hapo apate nafasi, na mama yao akiwaambia sebule imekwisha kulaliwa, sasa ni ya kukaa. Jumatatu kulikuwa na maombi mapya kumi na saba ya kupimwa, yote upande wa mlimani, na idara bado haikuwa na mtu wa pili wa kumshikia tepu. Tepu aliketi kwenye kochi, akavua viatu, akanyoosha goti la kulia mbele yake.

“Wifi yangu alilia?” mkewe aliuliza.

“Hapana. Alifunga mlango.”

“Alifunga?”

“Kwa ufunguo. Nikiwa bado nimesimama nje.”

Mkewe alifikiri, akatabasamu, akatikisa kichwa. Alitaka kuuliza jambo jingine, juu ya madirisha na kama yanatosha, lakini mumewe alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kochi. Ilikuwa saa sita mchana, jua limejaa chumbani, na alikuwa amekwisha kulala.